Nakala Saba za Jumapili

Baba yangu alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji kwa miaka thelathini na moja, na mimi ndiye mtoto aliyerithi jicho lake. Sijisifu, aliyasema mwenyewe mbele ya watu, tena zaidi ya mara moja. Mdogo wangu, ambaye nyumba nzima tunamwita Kitinda kwa kuwa alizaliwa wa mwisho, alirithi mikono ya marehemu mama akawa msusi. Kila mtu alikuwa na fungu lake. Mimi nilitengeneza programu za kompyuta, yeye akatengeneza vichwa vya watu, na tulipendana kwa sababu hapakuwa na cha kugombania.

Baba alipostaafu alianza kutunga kamusi ya maneno ya mafundi: waashi, maseremala, washona viatu, mafundi wa baiskeli. Alisema mtu aliyesahihisha vitabu vya wenzake maisha yake yote anastahili kuacha kimoja chake. Kazi hiyo ina miaka kumi na mmoja sasa. Minne ya mwanzo iko kwenye madaftari, na saba iliyofuata iko ndani ya kompyuta yake, katika faili moja. Baba ana miaka sabini na minne. Hana muda wa kuianza upya na anajua hivyo, ndiyo maana tangu mwanzo alimtaka mtu wa kumlindia kazi hiyo.

Mtu huyo nilikuwa mimi. Programu za kuandikia za kawaida zilimpigia mstari mwekundu chini ya kila neno la seremala, na msahihishaji hawezi kuishi na mstari mwekundu chini ya neno ambalo ni sahihi. Basi nikamtengenezea yake. Ilinichukua mwaka mmoja na nusu. Niliandika kila kitu kwa mkono wangu: namna mshale wa kuandikia unavyometameta, namna mstari unavyokunjwa ukifika ukingoni, namna ya kutafuta neno, namna ya kuweka nakala ya akiba kila anapohifadhi. Lugha niliyoitumia ni ya zile ngumu, ambazo programu yote lazima itafsiriwe kwanza ndipo mashine ikubali kuiendesha, na ukikosea nukta moja inakataa yote. Naipenda kwa ukali wake. Baba alipokuwa akiiwasha mbele ya wageni alikuwa akisema, "Hii ni kazi ya fundi wangu," na mimi najifanya sijasikia huku nimevimba kama andazi.

Ubaya wake ulikuwa mmoja. Baba akitaka jambo jipya, tuseme maneno ya waashi yawe na alama yao, aliliandika kwenye kikaratasi, mimi nikaenda nacho nyumbani, nikapata nafasi baada ya wiki mbili tatu, nikarudi na programu mpya. Wakati mwingine nilipofika alikuwa amekwisha kusahau alitaka nini. Hakulalamika hata siku moja, na mimi nikachukulia kuwa hana la kulalamikia.

Kitinda alianza kujifunza programu saluni kwake, siku ambazo wateja ni haba. Aliniomba nimwelekeze, nami nikamchagulia lugha ya skripti, zile lugha nyepesi ambazo unaandika mstari, unabonyeza, unaona. Nilimchagulia hiyo kama unavyompa mtoto kisu butu ajifunzie kukata nyanya. Nilikuwa namjibu maswali yake kwa simu nikiwa najipikia, na sikuyapa uzito.

Jumapili moja, baada ya chakula cha mchana, akaweka kompyuta yake mezani kwa baba akasema amemtengenezea kitu. Lilikuwa dirisha la kuandikia, jeupe, lenye vitufe vinne juu. Kisanduku cha maandishi hakukiunda yeye. Kilikwisha tengenezwa na watu wengine, yeye alikiita kwa mstari mmoja kikaja, pamoja na mshale wake na kukunja mistari kwake. Mambo yaliyonichukua miezi minane yeye aliyapata kwa kuyaita kwa jina. Programu nzima ilikuwa na mistari mia tatu na kidogo.

Baba akajaribu. Akauliza kama neno jipya linaweza kwenda lenyewe mahali pake kwa alfabeti pale anapofunga. Nikamwona Kitinda anafungua skripti palepale, mbele yake, anaongeza mistari mitano, anaiwasha upya. Ikafanya. Baba akaomba alama ya waashi. Ikawekwa. Akaomba herufi kubwa zaidi kwa ajili ya macho yake. Ikawa. Kitinda alifanya kama anavyosuka, mteja yuko kwenye kioo anasema hapa punguza, pale ongeza, na yeye anafuata. Saa moja haikuisha, na baba alikuwa amepata mambo ambayo kwangu yangechukua nusu mwaka na vikaratasi sita.

Roho iliniuma, nasema kweli. Nilicheka nao, nikasema kipya kinyemi ingawa kidonda. Baba akajibu kwa upole kwamba hiki hakikuonekana kuwa na kidonda. Niliosha vyombo siku ile kwa kelele ambazo sufuria zinazikumbuka.

Toka hapo kila Jumapili nilikuta jipya. Nikijiambia chema chajiuza, kibaya chajitembeza, najiuliza mbona basi hiki cha Kitinda kinajiuza hivi. Majirani walikwisha kuhadithiwa. Mwashi wa nyumba ya pili, anayempa baba maneno mengi ya kamusi, alinisimamisha getini kunisifia mdogo wangu, eti akili ni nywele na yule anazishika za watu siku nzima. Nikatabasamu mpaka mashavu yakaniuma.

Lakini kilichonimaliza hakikuwa Kitinda. Alikuwa baba. Siku moja niliingia nikamkuta peke yake ameifungua skripti yenyewe, miwani kwenye ncha ya pua, kidole kwenye mstari. Kitinda alikuwa amemwonyesha mahali palipoandikwa rangi za maneno, na yeye amebadilisha moja kutoka buluu kwenda kijani, akahifadhi, akawasha, na maneno yote ya maseremala yakageuka kijani. Akaniangalia kama mtu aliyeshinda mbio. Miaka saba aliitumia programu yangu na hakuwahi kuona hata mstari mmoja wa ndani yake, kwa sababu sikuwahi kumfungulia mlango. Sikufikiri kama angetaka kuingia. Nilikaa kwenye kiti nikauliza kama kuna chai.

Wiki iliyofuata alihamisha kamusi yote kwenye programu ya Kitinda, na akiba za zamani akazifuta asije akachanganya faili. Alinieleza kwa heshima zote, akasema ile yangu ataitunza. Jioni hiyohiyo akaita "fundi" kutoka sebuleni, nikaitika, nikaenda, na kumbe alikuwa anamwita mwenzangu.

Jumapili iliyofuata Kitinda akaniomba kitu. Alinivuta pembeni, karibu na dirisha la chumba cha mama, akanipa kompyuta.

"Dada, nipitishie macho kabla baba hajazama humu kabisa. Wewe ndiye unayejua. Mimi nabahatisha tu."

Nikakaa kitandani nikaisoma, mstari kwa mstari, jicho langu la kurithi limewaka. Natamani ningesema ilikuwa mbaya. Ilikuwa safi, ya mtu mnyenyekevu, ina maelezo kila mahali. Nilifika karibu na mwisho, sehemu ya kufunga, nikaona mistari minne.

Programu ikifungwa ilichukua maandishi, ikafunga dirisha, ikafungua faili ili iandike, kisha ndipo ikayapanga maneno kwa alfabeti na kuyaandika. Kwa mtu asiyejua, ni sawa tu. Lakini faili ukiifungua kwa kuandika, mashine inaifuta kwanza yote, inabaki tupu inasubiri. Na sehemu ya kupanga ilitegemea kila neno liwe na nukta mbili baada yake, kisha maana. Likitokea neno moja lisilo na nukta mbili, kupanga kungegoma, programu ingezimika katikati, na faili ingebaki tupu. Dirisha limekwisha fungwa. Akiba hakuna. Miaka saba, basi.

Dawa yake ni kupanga kwanza, kuandika kwenye faili ya pembeni, kisha kubadilisha jina. Kila fundi wa kazi yetu amewahi kulifanya kosa hilo mara moja na hakulirudia. Mimi nililifanya nikiwa na miaka ishirini na mbili.

Nikainua kichwa. Sebuleni baba alikuwa anacheka, Kitinda anamsomea kitu. Ningeweza kuita. Nilifungua mdomo kabisa. Halafu nikaona itakavyokuwa: nitamwonyesha, atapiga paji lake la uso, atarekebisha palepale mbele ya baba, baba atasema huyu mtoto anajifunza haraka, na programu yake itakuwa imekamilika kwa msaada wangu. Nikafunga mdomo.

"Iko sawa," nikamwambia. Akanikumbatia.

Sikutaka kamusi ife. Hilo mniamini, ingawa sina haki ya kuaminiwa. Nilitaka ianguke tu, ionekane imeanguka, nami nitokee nimeishika. Baba alipokwenda kulala kidogo nilichomeka flashi yangu kwenye kompyuta yake nikanakili faili nzima, nikaipa jina kwa tarehe ya siku hiyo kama tulivyozoea kazini. Jumapili iliyofuata nikafanya hivyohivyo, na iliyofuata. Nilikuja, nikala, nikasifia, nikasubiri baba asinzie, nikanakili. Jumatatu hadi Jumamosi nilisubiri simu kama mtu aliyechumbiwa. Haikuja. Baba ni msahihishaji. Hakuacha neno bila nukta zake hata mara moja. Wiki ya tano nilianza kumchukia kwa usafi wake.

Nakala zilikuwa saba.

Alhamisi ya wiki ya saba, saa nane mchana, simu ikaja, na aliyepiga ni Kitinda. Hata kwenye balaa lile baba alimpigia yeye kwanza, na mimi, Mungu anisamehe, hilo ndilo lililoniuma kabla ya lingine lolote. Alikuwa analia kiasi kwamba nilimwelewa kwa vipande. Baba alikuwa anaandika, akaona dirishani mwashi anafunga vifaa vyake aondoke, akakumbuka hajamuuliza maana ya neno moja. Akaliandika hilo neno, tindo, peke yake ili asilisahau, akafunga programu, akatoka mbio kumwahi. Aliporudi na maana yake akawasha, na ukurasa ulikuwa mweupe.

Nilichukua flashi kwenye droo. Njiani nilijipanga maneno. Ningesema kwa bahati nzuri ninayo nakala ya Jumapili, tumepoteza siku nne tu, pole Kitinda, haya mambo yana wenyewe. Nilijisikia mwepesi. Sikuona haja ya kufuta nakala zile nyingine. Fundi hafuti akiba, na tena ni nani angezitazama? Kwa miaka saba mimi ndiye niliyechomeka na kuchomoa kila kitu kwenye kompyuta ya baba, yeye akiwa amekaa pembeni mikono mapajani.

Niliwakuta sebuleni. Baba alikuwa ameketi mbele ya ule ukurasa mweupe, na kwa mara ya kwanza nilimwona ni mzee. Viatu vilikuwa bado na vumbi la kwa mwashi. Kitinda alikuwa sakafuni, mgongo ukutani, na alipotaka kuongea nikaona amekwisha kujihukumu. Alisema harudi tena kugusa kompyuta ya mtu. Alisema angebaki kwenye nywele zake kama alivyopangiwa, kwa sababu nywele ukikosea zinaota. Baba alikuwa anamwambia basi, mwanangu, basi, lakini sauti yake haikuwa na nguvu ya kumtuliza mtu.

Hapo ndipo nilipoitoa flashi. Nikaisema hotuba yangu, na niliisema vizuri. Kitinda akaruka akanishika miguu, sitanii, miguu. Baba akasimama. Nilinyoosha mkono kuelekea kompyuta, na yeye akaichukua flashi mkononi mwangu kwa adabu kabisa, kama mtu anayempokea mgeni mzigo.

"Wacha, mama. Siku hizi najua."

Akachomeka mwenyewe. Akafungua mwenyewe, akashusha miwani kwenye ncha ya pua. Kitinda alikuwa amemfundisha na hilo. Nikasema haraka ngoja nikuonyeshe ipi, na yeye akasema anaziona. Akaanza kusoma kwa sauti, kidole kwenye kioo, kama alivyokuwa akisoma kurasa za watu kiwandani: tarehe ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ya saba. Zote Jumapili. Alipomaliza akarudi juu, kwenye ya kwanza, akaacha kidole pale.

Baba haulizi swali ambalo jibu lake liko kwenye ukurasa. Alimgeukia Kitinda akamuuliza ni siku gani ile dada yake alipopitia programu. Kitinda akaitaja. Alikuwa bado anatabasamu kwa ile furaha ya kuokolewa, na nikaona tabasamu linashuka taratibu mpaka likaisha.

"Uliliona kosa," Kitinda akaniambia.

Ningeweza kudanganya. Watu wa kompyuta tuna maneno mengi ya kudanganyia. Ningesema ni mazoea, kila fundi huweka akiba. Lakini kwa miaka saba sikuwahi kunakili kamusi ile kwa flashi hata mara moja, na wote wawili walijua.

"Nililiona," nikasema.

"Ukasubiri nianguke."

"Ndiyo. Nilikuonea wivu, Kitinda. Mpaka sasa ninao."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana, kwa maana tungekuwa na pa kuanzia. Aliinuka akaenda kusimama karibu na kiti cha baba, upande wa pili, meza ikawa katikati yetu. Baba alinakili faili ya saba mahali pake, akaifungua, akashuka nayo mpaka mwisho kuhakikisha maneno yote yapo. Yalikuwapo, isipokuwa ya siku nne. Aliyaandika upya yale aliyoyakumbuka kwenye karatasi, akaanza na tindo. Kisha akaniambia, bila ukali, kwamba kiwandani msahihishaji akiliona kosa akalipita, kosa lilihesabiwa lake na si la mwandishi. Akavuta kiti akanionyesha nikae.

"Rekebisha."

Nikakaa. Skripti ilikuwa wazi. Nikashuka mpaka kwenye mistari minne, nikahamisha kupanga juu ya kufungua, nikaelekeza kuandika kwenye faili ya pembeni, nikaongeza mstari wa kubadilisha jina na mwingine wa kuacha akiba. Nikawasha, nikaandika neno bila nukta mbili, nikafunga. Ikagoma, na kamusi ikabaki salama palepale. Nilitazama saa ya kwenye kona ya kioo. Kazi yote ilikuwa imechukua dakika tatu.

Nikasema tayari, nikasogea. Zamani nikimwambia Kitinda jambo kuhusu kompyuta alikuwa analibeba kama lilivyo, hata hakuangalia. Safari hii alikaa kwenye kile kiti, akavuta skripti mpaka juu kabisa, akaanza kuisoma yote upya, mistari mia tatu na kidogo, kidole kwenye kila mmoja. Alipofika kwenye mistari yangu aliacha kidole hapo. Aliisoma mara mbili. Halafu akamgeukia baba, ambaye lugha ile aliijua kwa wiki chache tu, akamwomba naye aipitie, kwa sababu hakuwa na mtu mwingine wa kumuuliza.